Kumlazimisha Kijana Kushika Bunduki: Ni Haki ya Dola au Ni Dhulma?

Katika mambo yaliyorudi kuzungumzwa sana duniani miaka hii ni hili la kuwaandika vijana jeshini kwa lazima. Nchi zilizokuwa zimeiacha desturi hiyo, zikidhani kuwa zama zake zimekwisha, sasa zairudia moja baada ya moja. Lithuania iliiacha mwaka 2008 na ikairudisha mwaka 2015. Sweden iliiacha mwaka 2010, ikakata shauri kuirudisha mwaka 2017, na mara hii ikawatia wanawake pamoja na wanaume. Latvia iliirudisha mwaka 2023. Ujerumani iliisimamisha mwaka 2011, na mwisho wa mwaka 2025 bunge lake likapitisha sheria ya kuwataka vijana wa kiume waliozaliwa tangu mwaka 2008 wajibu maswali juu ya utayari wao wa kutumika, ingawa haijafika kumlazimisha mtu kuingia. Ama Marekani, iliyoiacha mwaka 1973, kila upitapo muda hapakosi mtu wa kusimama na kusema: Na irudishwe.

Basi swali letu ni hili: Je, ni haki dola kumshika kijana asiyetaka, ikamvisha nguo za askari, ikamtia bunduki mkononi na kumwambia, "Nenda ukaue au ukauliwe"? Nasi tumechagua kuitazama Marekani khasa, kwa kuwa huko jambo hili limejaribiwa kwa muda mrefu, na matokeo yake yako wazi kwa kila mwenye kutaka kuyaona.

Huenda msomaji akasema, "Hayo ni mambo ya ng'ambo, sisi watu wa mwambao yatuhusu nini?" Twamjibu kwa majibu mawili. La kwanza, wako miongoni mwetu wenye watoto na wajukuu huko Marekani. Sheria ya nchi ile, tangu mwaka 1980, yataka majina ya vijana wa kiume wa miaka 18 hadi 25 yawemo katika daftari la serikali, ili siku ya haja wajulikane walipo. Na daftari hilo si la raia peke yao. Hata mgeni aliyepewa ruhusa ya kukaa daima jina lake lamo. Kwa hivyo kijana aliyezaliwa Lamu au Mombasa akahamia huko na wazazi wake, naye amo katika hesabu hiyo.

Jibu la pili ni kuwa jambo hili babu zetu walilionja. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, na mwenzake wa Nairobi, limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanaume walikusanywa vijijini kwa nguvu, khasa mwaka 1917, wakabebeshwa mizigo ya vita vya Waingereza na Wajerumani, vita ambavyo hawakuvianzisha wala hawakuulizwa shauri lake. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakufa kwa risasi bali kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa. Na majirani zetu Wagiriama walipoinuka mwaka 1914, miongoni mwa mambo yaliyowakera ni kutakiwa watoe vijana wao wakatumike. Basi mtu asituambie kuwa hatujui maana ya lazima.

Sasa na tuzitazame hoja za wanaotaka irudishwe, tuzieleze kwa uadilifu kama wanavyozieleza wenyewe, kwani kumjibu mtu kwa jambo asilolisema ni katika dhulma.

Hoja yao ya kwanza ni kuwa nchi ni kama nyumba. Anayelala ndani yake akasitirika na mvua hana budi kusaidia kuezeka paa. Jeshi la khiyari, wasema, huwafanya wengine wakae kwa raha na wengine wafe kwa niaba yao.

Hoja ya pili ni ya adabu na umoja. Kijana wa tajiri na wa masikini, wa bara na wa pwani, wakilala hema moja na kula chakula kimoja, watajuana na kuheshimiana.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Aliyeieleza vizuri ni marehemu Charles Rangel, mbunge wa New York, naye si mtu aliyevijua vita kwa kusikia, maana alipigana Korea. Mwezi wa Januari 2003, Marekani ilipokuwa yajitayarisha kuingia Iraq, alipeleka mswada wa kuirudisha lazima. Alisema kuwa viongozi huenda vitani kwa wepesi kwa sababu watoto wao hawamo. Lau wangalijua kuwa mtoto wa mbunge ataitwa sawa na mtoto wa mfagiaji, wangalifikiri mara mbili. Mwezi wa Oktoba 2004 mswada huo ulipigiwa kura, ukapata kura 2 za kuukubali na 402 za kuukataa, na Rangel mwenyewe akiwa katika waliokataa, akilalamika kuwa umeletwa ghafla kwa hila za siasa.

Hoja hii ya tatu yaupendeza moyo, kwa kuwa yazungumza lugha ya usawa. Lakini mambo hupimwa kwa yalivyokuwa, si kwa yanavyotamaniwa. Je, lazima ilipokuwapo Marekani, mtoto wa tajiri na wa masikini waliitwa sawasawa?

Mwaka 1863, katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, serikali iliyapa majimbo ya kaskazini sheria ya lazima. Ndani ya sheria hiyo mlikuwa na mlango: aliyeweza kulipa dola 300, au kumtafuta mtu wa kwenda badala yake, alisamehewa. Dola 300 siku zile ilikuwa ni kama mapato ya mwaka mzima ya kibarua. Mwezi wa Julai masikini wa New York wakafanya ghasia, watu zaidi ya 100 wakafa. Na tazama jinsi dhulma izaavyo dhulma: wale waliodhulumiwa na matajiri wakaigeuza hasira yao juu ya watu weusi walio wanyonge kuliko wao, wakawaua njiani, na wakachoma moto nyumba iliyolea mayatima weusi.

Miaka mia baadaye, katika vita vya Vietnam, dola 300 hazikutajwa tena, lakini mlango ulikuwa bado wazi kwa jina jengine. Aliyekuwa chuo kikuu aliahirishiwa. Aliyekuwa na daktari wa kumwandikia cheti alisamehewa. Na vyuo vikuu na madaktari wa namna hiyo walikuwa kwa nani? Kisha tangu mwaka 1966, ili idadi itimie bila ya kuwagusa wanachuo, jeshi likashusha kipimo cha mitihani yake, likaingiza watu zaidi ya 300,000 ambao hapo kabla wangalikataliwa, wengi wao wakiwa masikini wasiosoma vya kutosha. Tarehe 1 Desemba 1969 ndipo ikapigwa kura ya siku za kuzaliwa, ili bahati iamue palipokuwa pameamua mali. Na hata hapo, aliyekwisha kuahirishiwa kwa masomo aliendelea kuahirishiwa kwa muda.

Jambo jengine ni kuwa lazima haikuvizuia vita hivyo. Majeshi ya nchi kavu ya Marekani yaliingia Vietnam mwaka 1965, na mapatano ya kutoka yakatiwa saini mwaka 1973. Muda wote huo lazima ilikuwapo, na Wamarekani wapatao 58,000 wakafa, na watu wa Vietnam maradufu kwa maradufu. Ni kweli kuwa kelele za vijana walioogopa kuitwa zilisaidia kuvimaliza. Lakini dawa ambayo hufanya kazi baada ya maiti kufika maelfu kwa maelfu haistahiki kuitwa kinga.

Kwa hivyo twasema: hoja ya Rangel ni sahihi kwa sharti lake, na sharti lake ni usawa. Na usawa huo ndio ambao matajiri na wakubwa, kila sheria ilipotungwa, walijua jinsi ya kuutoroka.

Akisema mtu, "Lakini jeshi la khiyari nalo huwachukua masikini," tutamwambia: umesema kweli. Khiyari ya mwenye njaa ni khiyari yenye dosari. Hata hapa Kenya, ambapo jeshi ni la khiyari, twaona vijana wanavyojaa viwanjani siku za kuandikwa, na si wote waliopelekwa na mapenzi ya bunduki. Na mwezi wa Novemba 2025 serikali yetu ilitangaza kuwa yakisiwa Wakenya zaidi ya 200 wamo katika jeshi la Urusi, na wako miongoni mwao waliovutwa kwa ahadi za kazi. Huu ni msiba. Lakini ponya ya msiba huu ni kazi na ujira wa halali, na kuwafunga mikono mawakala wadanganyifu. Kumwongezea masikini lazima juu ya njaa hakumwondolei njaa.

Ama hoja ya adabu na umoja, tunao mfano wa karibu. Ndugu zetu wa Tanzania walianzisha Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963, na mwaka 1966 wakataka kuwalazimisha wasomi walitumikie, na katika muda huo wakatwe sehemu kubwa ya mshahara. Mwezi wa Oktoba mwaka huo wanafunzi wakaandamana Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere aliwafukuza chuoni wapatao 400. Lakini katika kikao hicho hicho, alipoambiwa kuwa wakubwa wala mishahara minono, akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mtu aweza kusema kuwa adhabu ile ilikuwa kali, lakini hawezi kusema kuwa aliwataka wengine watoe huku yeye amefumba mkono. Lazima hiyo ilisimamishwa mwaka 1994, ikarudishwa mwaka 2013 kwa vijana wanaomaliza kidato cha sita.

Twaona katika mfano huo mafunzo mawili. Moja, mwenye kuamrisha jambo zito aanze na nafsi yake. La pili, ikiwa makusudio ni kuwafunza vijana adabu, kulima, kujenga na kuishi pamoja, basi hayo hupatikana katika utumishi wa namna hiyo, wala hapahitajiwi kumpeleka mtu kuua mgeni asiyemjua katika nchi ya mbali. Wanaoichukua hoja ya adabu wakaifanya dalili ya vita wamechanganya mambo mawili.

Wanavyuoni wetu wameyagawa mambo ya faradhi mafungu mawili: faradhi ya kila mtu kwa nafsi yake, na faradhi ya kutosheleza, ambayo wakisimama nayo wa kutosha huwaondokea wengine. Kupigana wameweka katika fungu la pili. Halihamii la kwanza ila adui anapouvamia mji wenyewe, au katika hali chache mfano wa hiyo. Na hata pale ambapo wito umekuwa wa haki isiyo na shaka, nyudhuru ziliwekwa wazi: kipofu, kiguru na mgonjwa hawana lawama. Abdullah bin Umar alirudishwa siku ya Uhud kwa udogo wa umri wake, akakubaliwa siku ya Khandaq alipokuwa na miaka kumi na mitano. Na yuko aliyekuja kutaka ruhusa ya kwenda kupigana, akaulizwa kama wazazi wake wahai, alipojibu ndio akaamrishwa arudi akawatumikie. Mwenye kuzingatia ataona kuwa nyudhuru hizo zote ni za udhaifu na za wajibu. Hakuna hata moja iliyo ya mali wala ya cheo.

Wala hatusemi kuwa vita vya dola hizi ni vita ambavyo wanavyuoni walikuwa wakivizungumzia. Twasema tu kuwa ikiwa vita vya haki vina mipaka kama hiyo, basi vita vyenye shaka vyastahiki mipaka zaidi. Na utiifu kwa mtawala, wote wamewafikiana, una kikomo chake, nacho ni pale anapoamrisha maasi. Kumuua mtu asiye na hatia ni katika maasi makubwa kabisa.

Hapa ndipo tufikapo kwenye kiini cha mas-ala, nacho ni dhamiri ya mwenye kuitwa.

Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, ndugu yetu marehemu Muhammad Ali, bingwa wa ngumi wa dunia, aliitwa jina lake ili apige hatua ya kuingia jeshini, akakataa. Alinyang'anywa ubingwa, akazuiliwa kupigana ngumi zaidi ya miaka mitatu katika siku za nguvu zake, na mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000. Alikaa nje kwa dhamana mpaka tarehe 28 Juni 1971, Mahakama ya Juu kabisa ilipoifuta hukumu hiyo kwa kauli moja ya majaji wanane.

Watu wengi huishia hapo wakafurahi. Lakini hebu tutazame ameokolewa na nini. Mahakama haikusema kuwa Mwislamu ana haki ya kukataa vita anavyoviona si vya haki. Ilisema tu kuwa bodi iliyomkatalia ombi lake haikubainisha sababu ya kumkatalia. Alitokea mlango wa utaratibu.

Na miezi michache kabla ya hapo, tarehe 8 Machi 1971, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kukata neno katika kesi nyengine, majaji wanane wakawafikiana na mmoja akapinga, ya kuwa sheria humsamehe anayekataa vita vyote tu. Ama anayesema, "Vita vya kuulinda mji wangu ningalipigana, lakini hivi si vya haki," huyo hana msamaha. Miongoni mwa waliopeleka kesi hiyo alikuwamo Mkatoliki, ambaye dini yake, kama yetu, yapambanua vita vya haki na visivyo vya haki.

Msomaji na aupime uzito wa jambo hili. Mtu wa madhehebu yanayoharimisha vita vyote husamehewa. Mtu asiyejali, ambaye kwake vita vyote ni sawa, huenda bila taabu. Anayebanwa ni yule aliyetumia akili yake na dini yake kupima: hivi ni halali, hivi si halali. Yaani sheria humwadhibu mtu kwa kule kupambanua ambako Mwenyezi Mungu amempa akili kwa ajili yake. Na siku ya kuhesabiwa, kila nafsi itaulizwa kwa mkono wake yenyewe. Wala kusema, "Niliamrishwa," hakutamfaa mtu.

Watasema, "Tukimwachia kila mtu achague vita vyake, hapatakuwa na jeshi." Twajibu: nchi inayovamiwa haikosi watu wa kuilinda. Ikiwa watawala wamewaeleza watu wao sababu ya vita, nao kwa wingi wakaona kuwa si ya haki, basi huko kukataa ni ushauri ambao mtawala mwenye akili huusikiliza. Na ikiwa wachache wamekataa kwa woga wakajificha nyuma ya dini, dawa yao ni nyepesi: wapewe kazi nyengine ngumu ya muda ule ule au zaidi. Ujerumani ilifanya hivyo tangu mwaka 1961 hadi 2011. Waliokataa bunduki walitumikia mahospitali na nyumba za wazee, na nchi ikanufaika nao sana.

Sasa, je, hukumu yetu ni moja kwa nchi zote? La. Wanavyuoni wana kanuni kuwa hukumu huzunguka pamoja na sababu yake. Ikiwapo sababu huwapo hukumu, ikiondoka huondoka. Lithuania ni nchi ndogo, watu wake hawafiki milioni tatu, iliwahi kumezwa na dola ya Kisovieti mwaka 1940, na iliirudisha lazima mwaka mmoja baada ya kuona Urusi imeitwaa Krimea. Kwao hatari iko mlangoni, na anayeitwa aitwa kulinda nyumba ya mamake. Hatuwezi kuwalaumu kama twawezavyo kuilaumu Marekani, ambayo tangu mwaka 1945 vita vyake vikubwa vyote, Korea, Vietnam, Iraq na Afghanistan, imevipigana ng'ambo ya bahari, na baadhi yake dunia nzima yajua kuwa havikuwa na dharura.

Kwa hivyo rai yetu ni kuwa Marekani, na kila nchi iliyo mfano wake, haina haki ya kuirudisha lazima. Na nchi ambayo hatari imeikabili kweli yaweza kuwaita watu wake kwa masharti manne. Kwanza, wito uwe ni wa kulinda nchi yenyewe, si wa kuvuka bahari. Pili, pasiwe na udhuru wa mali, wa masomo wala wa cheo, na watoto wa waliopitisha sheria waitwe pamoja na watoto wa watu wengine. Tatu, mwenye dhamiri apewe kazi nyengine, hata akiwa akataa vita hivi na si vyote. Nne, sheria iwe na muda wake, ukiisha irudishwe bungeni ijadiliwe upya. Likikosekana sharti moja katika haya, basi ni yale yale ya Kariakoo, ijapokuwa yameandikwa kwa wino mzuri.

Tumalizie kwa nasaha kwa wazazi wenye vijana huko. Msiwaambie wajifiche na daftari lile. Kufanya hivyo ni kuvunja sheria ya nchi waliyoiridhia kukaa, na kwaweza kuwatia taabu wanapoomba uraia. Kuwa jina limo daftarini si sawa na kushika bunduki. Lakini wafunzeni tangu sasa ni vita gani vya haki na ni vipi si vya haki, na dalili zake, ili siku wakiulizwa wawe na la kusema lililo lao. Anayeanza kuitafuta dhamiri yake siku ya kuitwa hatasadikiwa na mahakama, na huenda yeye mwenyewe asijisadiki.

Mwenyezi Mungu atulinde na kudhulumu na kudhulumiwa, naye ndiye Mwenye kujua zaidi.